Puli Iliyolia Miezi Miwili

Mche wa sabuni ulikuwa unaisha kabla ya wiki kuisha, na mama wa nyumba ile hakuwa mtu wa kupotelewa na sabuni akanyamaza. Alikuwa fundi cherehani. Alijua kipande gani cha kitambaa kimebaki na kimelala pembe ipi, sembuse sabuni yake ya kufulia. Kwanza alishuku panya, akatega mtego, akanasa kidole chake mwenyewe. Kisha akamshuku jirani wa upande wa pili, akawa anamjibu salamu nusu nusu. Alhamisi asubuhi alitoka nje kumwaga maji, akamkuta mumewe ameinama chini ya boneti ya pikapu, injini inanguruma, na mkononi ameshika kipande cha sabuni anakigusisha kwenye mkanda unaozunguka, taratibu, kama mtu anayemkuna ng'ombe asiye wake.

"Kumbe panya mwenyewe ni wewe," alisema.

Mumewe alificha sabuni nyuma ya mgongo. Alikuwa mtu wa makamo, dereva wa miaka mingi, na alisimama pale mikono nyuma kama mwanafunzi aliyekutwa na daftari la mwenzake. Akajieleza kwamba mkanda unalia, na madereva wenzake walimwambia sabuni inaunyamazisha. Ni kweli ilikuwa inaunyamazisha, kwa dakika kumi. Baada ya hapo kilio kilirudi, chembamba na kirefu, na majirani walikuwa wameshakifanya saa yao ya kuamkia.

Mkanda wenyewe ulikuwa wa tatu ndani ya miezi miwili. Wa kwanza ulikatika kwa uzee. Fundi wa barabarani akavalisha wa pili, nao ukalika pembeni kama umetafunwa, ukakatika. Akavalisha wa tatu, na sasa nao ulikuwa umeanza kutoa nyuzi. Fundi alisema mikanda ya siku hizi ni bandia. Dereva alimwamini, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuulaumu mkanda kuliko kuanza kuuliza mkanda unapita wapi.

Mkewe aliutazama ule mkanda, akamtazama na yeye. "Na kesho?"

Wote wawili walijua kesho kuna nini.

Kazi ya pikapu ile ilikuwa kubeba vifaranga wa siku moja kutoka kituo cha kuangulia na kuwafikisha kwa wafugaji. Ni mzigo wa ajabu. Kifaranga akitoka kwenye yai hali wala hanywi. Anaishi kwa kile kiini alichokifyonza kabla ya kutoka, na ndani ya muda huo mfupi anaweza kuvuka nchi nzima akiwa kwenye boksi lenye matundu, ilimradi gari linatembea na upepo unapita. Gari likisimama, upepo unasimama. Vifaranga mia moja wa boksi moja wanajazana pembe moja, na joto lao wenyewe linawamaliza.

Juma lililotangulia mkanda wa pili ulikatikia mahali pasipo hata kichaka. Mkanda ndio unaozungusha pampu ya maji ya kupoza injini. Injini ikachemka, gari likasimama, jua likapanda. Dereva alivua shati akawa anawapepea. Walikufa vifaranga mia nne na kumi na wawili.

Msimamizi wa kituo, mwanamke mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, hakumfokea. Alimwambia awatoe mmoja mmoja na kuwapanga sakafuni, mbele ya wafanyakazi waliosimama na buti zao nyeupe. Dereva alipomaliza, magoti yakiwa yamekufa ganzi, msimamizi akamwambia kwamba Ijumaa kuna vifaranga elfu tatu. "Nakupa hao," alisema. "Likisimama tena usirudi hapa, hata kunieleza."

*

Chumba cha uani, chenye dirisha linalotazama mahali pikapu ilipolala, kilikuwa cha baba wa yule fundi cherehani. Kila mtu alimwita Mzee wa Mashine. Alikuwa ameendesha mashine ya kusaga nafaka kwa miaka thelathini na mmoja, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilikwenda na mkanda siku moja tu aliyogeuka kujibu salamu. Mashine ilipofungwa na mkewe alipofariki, binti yake alimleta kwake. Siku alipoingiza begi lake katika nyumba ya mkwewe, mzee aliweka nadhiri: atakula atakachopewa, atalala atakapolazwa, na hatatia mdomo wake katika mambo ya mwenye nyumba.

Mkwe naye alimheshimu kupita kiasi. Mbele ya mzee alipunguza sauti. Mzee akikaa kwenye benchi, yeye alikumbuka kazi mahali pengine. Waliamkiana asubuhi, wakatakiana usiku mwema, na katikati hapo hapakupita neno. Heshima yao ilikuwa nzuri mno hata haikumfaa mtu kitu.

Binti aliingia chumbani akamkuta baba yake amekaa ukingoni mwa kitanda, kichwa amekiinamisha upande, sikio dirishani.

"Baba, unasikia nini?"

"Sisikii kitu. Masikio yamechoka, mwanangu."

Binti hakumwamini hata kidogo. Mtu huyu, akiwa amefumba macho, aliweza kwa mlio wa mashine tu kumwambia mteja mahindi yake hayajakauka, arudi nayo nyumbani akayaanike. Akamweleza kuhusu Ijumaa, kuhusu wale waliopangwa sakafuni, kuhusu sabuni. Mzee alisikiliza akikuna kile kisiki cha kidole, na mwishowe akasema mwenye gari hajamwita.

Binti akaenda kwa mume. Mume akasema atamwambiaje mkwewe, mtu mzima, aje achafuke oili kwa ajili ya gari lake. Akarudi kwa baba. Baba akasema mwanamume hafundishwi kazi yake mbele ya mkewe. Binti akasimama katikati ya ua, mkono kiunoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mimi si simu ya kupitishia maneno yenu," alisema, kwa sauti ya kufika pande zote mbili. Akachukua kiti chake cha cherehani, akakiweka mbele ya pikapu, na akaingia ndani kumshika baba yake mkono.

*

Mzee alikaa kwanza. Hakugusa kitu. Aliomba injini iwashwe, na kilio kilipoanza alifumba macho, kama mtu anayesubiri kutajwa jina lake. Kisha akaomba mwiko.

"Mwiko wa kupikia?" aliuliza binti.

"Ule mkubwa. Na usiwe na mafuta."

Aliupokea, akaugeuza, akaweka ncha ya mpini kwenye kichwa cha bolti, mbali na mkanda, na upande wa bapa akauegemeza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mkono wake mzima ulishika mwiko. Ule wa vidole vitatu aliukunja mgongoni na kuufungia huko. Dereva alitaka kucheka, lakini kicheko hakikuja. Mzee alisikiliza altaneta inayochaji betri, akasema, "Huyu mzima." Akahamia kwenye pampu ya maji, akakaa kidogo. "Huyu naye mzima, kachoka tu." Kisha akafika kwenye puli ndogo ya chini, kigurudumu ambacho hakizungushi kitu chochote, kazi yake ni kuuelekeza mkanda upite vizuri. Hapo alikaa muda mrefu.

"Njoo usikilize, mwanangu," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Dereva aliinama, akaweka mwiko nyuma ya sikio lake. Mwanzoni alisikia injini tu, kelele ile ile ya kila siku. Halafu kelele ikafunguka, na ndani yake, peke yake kabisa, akasikia kokoto zinasagwa. Alisogeza mwiko kwenye altaneta: mvumo laini. Akaurudisha kwenye puli: kokoto. Miaka yote aliyoendesha magari alidhani kelele ya injini ni kitu kimoja, na kumbe kila kitu mle ndani kilikuwa kinasema chake.

Mzee akaamuru injini izimwe, na waya wa betri uchomolewe. Dereva alisema gari limeshazimwa, betri ya nini tena. Mzee akamwonyesha mkono wake wa kushoto, na waya ukachomolewa.

Kabla mkanda haujavuliwa, mzee alitaka njia yake ichorwe, unapoanzia, unapopita juu, unapopita chini, maana mkanda ukirudishwa vibaya utazungusha pampu kinyume. Binti akatoa chaki yake ya kukatia nguo na kuichora njia yote kwenye bati la ubavuni, mstari mmoja, safi, kama anachora kwapa la koti. Dereva akakilegeza kile chuma kinachoukaza mkanda, na mkanda ukatoka ukiwa umelegea kama utumbo.

Ndipo mzee akaanza kuzungusha puli kwa mkono, moja baada ya nyingine. Alipitisha ukucha kwenye mifereji yake kutafuta ufa na kutu. Alizitikisa mbele na nyuma. Alipozizungusha aliwaambia wasikilize zinavyosimama.

"Puli nzima haizunguki sana," alisema. "Ina grisi tumboni. Inakwenda kidogo, halafu inatulia kwa adabu."

Akaizungusha ya pampu, ikatulia kwa adabu. Akaizungusha ile ndogo, nayo ikaenda, ikaenda, kavu, ikichakarika, haitaki kusimama. Alipoitikisa ilicheza kama jino bovu. Beringi yake, gololi za ndani zinazoizungusha, ilikuwa imekufa.

Mzee hakuridhika. Alisema beringi haifi bure, kuna kitu kimeiua. Akaomba uzi. Binti alileta uzi mweusi wa kushonea suruali, na mzee akawaambia waunyooshe, mke upande huu na mume upande ule, uguse nyuso za puli zote kwa mstari mmoja. Uzi uligusa ya kwanza. Uligusa ya pili. Kwenye ile ndogo haukugusa. Palibaki upenyo, mwembamba kama ukucha.

Wote watatu waliutazama ule upenyo. Mikanda miwili ilikuwa imepita pale ikivutwa pembeni kila mzunguko, maelfu ya mizunguko kwa saa, ikijitafuna yenyewe.

"Hapa palikuwa na washa," mzee alisema. "Kiduara cha chuma, nyuma ya puli. Nani alikitoa?"

Dereva akafungua mlango wa gari, akavuta kisanduku cha majivu ya sigara, ambacho hakikuwahi kuwa na majivu, na kutoka katikati ya kalamu na risiti akatoa washa moja nyeusi. Siku ya mkanda wa kwanza, fundi wa barabarani alifungua puli ile ili kupata nafasi, na alipomaliza kufunga akamkabidhi. "Imebaki hii," alimwambia, "weka, itakufaa." Naye aliiweka. Kwa miezi miwili alikuwa anaendesha gari huku dawa ya ugonjwa wake inalia chekele chekele karibu na goti lake.

*

Mzee na dereva walikwenda duka la spea pamoja, kwa miguu, mzee ameshika puli mbovu mfukoni. Muuzaji aliitazama, akaweka nyingine mpya, inayong'aa, juu ya kaunta. Mzee aliipeleka sikioni, akaizungusha kwa kidole, akairudisha. Akaletewa nyingine, akairudisha. Akaomba boksi zima.

Muuzaji aliwageukia wateja wengine akawaambia huyu babu anadhani ananunua redio. Watu wakacheka. Dereva alihisi masikio yanamchoma. Alitamani kuchukua yoyote na kuondoka. Mzee akachagua ya tano. Muuzaji akaizungusha mwenyewe sikioni, akaizungusha na aliyoikataa, akasema zote ni sawa, zimetoka boksi moja.

"Nitageuka," mzee alisema. "Zichanganye uwezavyo, uzungushe moja moja. Nitakwambia."

Akageuka akatazama barabarani. Muuzaji alizungusha. "Siyo." Akazungusha nyingine. "Siyo." Akarudia ile ile kumtega. "Hiyo umeshanipa." Alipozungusha ile ya tano mzee alisema, "Ndiyo hiyo, irudishe ndani ya karatasi yake." Walirudia mara tatu, na mara zote tatu alipatia. Mara ya tatu dukani hapakuwa na anayecheka. Mtu mmoja alizima simu yake iliyokuwa inaita. Muuzaji alitoka nyuma ya kaunta akileta kiti, na akauliza kwa heshima mzee anasikia nini ambacho wao hawasikii.

"Sina kipaji chochote," mzee alisema. "Miaka thelathini na mmoja nilisikiliza. Siku moja sikusikiliza." Akauweka mkono wake juu ya kaunta, wauone.

Walilipia puli na mkanda mpya, wakarudi. Dereva, aliyezoea kutembea hatua mbili nyuma ya mkwewe, alitembea naye sambamba.

*

Washa ilirudi mahali pake. Puli mpya ikakaa mbele yake, na uzi uliponyooshwa tena uligusa zote, moja, mbili, tatu, nne, bila upenyo. Walipitisha mkanda mpya kufuata mstari wa chaki. Ilibaki kukaza bolti ya mwisho, na dereva alikuwa amelala chini, spana mkononi, alipouliza. Labda aliuliza kwa sababu kutoka pale hakuonekana uso.

"Baba. Ulijua tangu lini?"

Mzee alikuwa ameshika tochi. Mwanga haukucheza.

"Tangu mkanda wa kwanza ulipobadilishwa," alisema. "Asubuhi yake, ulipowasha."

Spana ilisimama. Kila mmoja wao alijua dereva anahesabu nini. Mia nne na kumi na wawili. Aliwapanga kwa mikono hii hii.

"Niliapa sitatia mdomo katika nyumba yako," mzee aliendelea. "Nikajiambia, mkwe wangu amenipokea, sasa nianze kumwamrisha? Uliporudi siku ile shati limelowa, ukapita hapa bila kuinua macho, nililia chumbani. Sikukwambia hata siku ile. Niliona aibu ya kuchelewa."

Dereva alitoka chini taratibu, vumbi mgongoni. Angeweza kukasirika, na hasira ilikuwepo. Lakini palikuwa na kitu kingine ambacho hata mkewe hakukijua.

"Nami nilikuwa nakuona, baba," alisema. "Kila asubuhi, dirishani, umeinamisha kichwa. Nilijua unasikia kitu. Nikajisemea, nikimuuliza ataona binti yake ameolewa na mjinga. Ndiyo maana nilikuwa natoka mbio na sabuni, ninyamazishe kabla hujaamka."

"Huwa naamka kabla yako."

"Najua."

Mke alikuwa amekaa juu ya debe, uzi umemzunguka vidoleni. Alimtazama baba yake, akamtazama mumewe, wanaume wawili waliofichana sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Alitaka kuwasema. Badala yake machozi yalimtoka na kicheko kwa pamoja. "Na mimi nikawa namnunia jirani wa watu," alisema.

Waya wa betri ulirudishwa, na injini ilipowashwa hawakusikia mluzi, wala kokoto, wala chochote cha mkanda. Puli zilizunguka kwa kasi mpaka zikaonekana zimesimama, na mkanda ukapita juu yake ukiwa umenyooka kama pindo la shuka. Walisimama wakitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufunga boneti.

*

Ijumaa alfajiri mzee aliamka kama kawaida, akakaa ukingoni mwa kitanda, akainamisha kichwa. Alisubiri. Dirisha lilianza kupata rangi, na hakusikia kitu. Moyo ulimshuka. Akajua kuna alichokosea, labda waya wa betri, labda bolti, na elfu tatu wanamngoja mtu. Alitoka mbio bila viatu mpaka uani.

Mahali pa pikapu palikuwa patupu. Binti yake alikuwa anaanika nguo.

"Ameondoka zamani, baba," alisema. "Hata mimi sikumsikia."

Mzee alisimama kwenye alama za matairi, miguu mitupu, mkono wa vidole vitatu mdomoni. Alikaa hapo mpaka binti alipomletea chai.

Saa nane mchana pikapu iliingia. Dereva alishuka, na badala ya kwenda kwa mkewe alikwenda moja kwa moja kwenye benchi alipokaa mkwewe, akakaa. Wakawa wamekaa benchi moja.

"Watatu," alisema. "Kati ya elfu tatu, watatu. Msimamizi aliwahesabu mwenyewe mara mbili. Amenipa na mzigo wa Jumatatu."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ametazama gari, na kichwa chake kilikuwa kimeinama upande. Dereva aliona, akangoja. Mzee alikohoa kidogo, akashika magoti, akainuka.

"Ulipokata kona pale," alisema, "gurudumu la nyuma, la kushoto. Kuna kitu kinakwaruza."

Dereva aliinuka naye na kugeukia mlango wa jikoni.

"Mama watoto," aliita, "tuletee mwiko."